Thrila ya chumba kimoja: hela inapungua wapi, kazi inaongezeka wapi

Watu wanaotaka kuanza kutengeneza filamu wakikaa pamoja kuna ushauri mmoja haukosi, kwamba kama huna hela piga thrila ya chumba kimoja, tafuta waigizaji wawili, simu yenye kamera nzuri, funga mlango, wikiendi mbili umemaliza. Ushauri wenyewe sio mbaya na mimi naupenda, ila umekatwa nusu, na hiyo nusu iliyoachwa ndio inayowaangusha watu, unakuta mtu kashapiga filamu nzima halafu ukiiangalia ni watu wawili kwenye sofa wanagombana na hakuna hata sekunde moja ambayo moyo umekudunda. Lawama zinaenda kwa kamera, au kwa bajeti. Kumbe shida ilianza kabla kamera haijawashwa.

Tuanze na maneno yenyewe maana hapo ndipo watu wanapochanganya. Thrila ni filamu inayokuweka roho juu kwa muda mrefu kwa sababu kuna jambo baya linaweza kutokea na wewe unalingoja. Sio lazima awepo jini wala damu, hizo ni filamu za kutisha, na sio lazima watu warushiane ngumi, hiyo ni aksheni. Unaweza kupiga thrila nzima ambayo hakuna mtu anayeguswa hata kofi na bado watu wakatoka wamelowa jasho.

Na hapa kuna kosa kubwa, wengi wanadhani siri ya thrila ni kumficha mtazamaji kila kitu halafu mwishoni unamshtua. Kushtuka kunaisha ndani ya sekunde mbili. Kinachomshika mtu saa nzima ni kile ambacho tayari anakijua. Chukua LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, imebaki uniti mbili, saa nne usiku, na kwenye simu huna hata mia ya kununulia, taa inawaka, feni inazunguka, hakuna kilichoharibika, lakini kila ukipita koridoni jicho linaenda kwenye mita. Thrila inafanya kazi hivyo hivyo, mwonyeshe mtazamaji mita mapema halafu mwache aishi nayo.

Chumba kimoja nako kunaeleweka vibaya. Maana yake ni kwamba hadithi yote au karibu yote inatokea sehemu moja, inaweza kuwa chumba kweli, inaweza kuwa gari, lifti, hata jeneza. Mwaka 2010 ilitoka filamu inaitwa Buried, Ryan Reynolds yupo ndani ya jeneza mwanzo mpaka mwisho, ilipigwa Barcelona kwa siku 17. Lakini nyuma ya kamera hawakuwa na jeneza moja, walitengeneza majeneza kadhaa tofauti ili kamera iweze kupita juu, pembeni, miguuni. Kwa hiyo kile mtazamaji anachoona ni chumba kimoja, na kile timu inachojenga kinaweza kuwa kitu kingine kabisa.

Bajeti ndogo ndio haina kipimo. Saw ya mwaka 2004 ilitengenezwa kwa kama dola milioni 1.2, na kwa Hollywood hiyo ni hela ndogo sana. Coherence ya 2013 ilikuwa dola 50,000, ilipigwa usiku tano nyumbani kwa dairekta mwenyewe. Paranormal Activity inatajwa kila siku kwamba ilikuwa dola 15,000, ndani ya nyumba ya dairekta, na ni kweli, ila hiyo ni hela ya kupiga ile filamu ya mwanzo tu. Studio ilipoichukua ikabadilisha mwisho, na matangazo yake yalilipiwa kwa hela nyingine ambayo haimo kwenye hizo 15,000. Mtu akikuambia filamu fulani iliingiza mamilioni kwa hela ya mboga, muulize hesabu yake inaishia wapi.

Sasa chumba kinaokoa nini hasa? Kinaokoa kuhama. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye seti hajui kuhama kunakula kiasi gani, mnafungua taa, mnakunja nyaya, mnapakia kwenye Noah, mnakaa kwenye foleni, mnafika mwenye nyumba katoka, mnashusha, mnapanga taa upya, ikifika saa nane mchana hamjapiga hata shoti moja na watu wanataka wali. Ukibaki sehemu moja hiyo nusu siku inarudi kwako. Lakini inarudi kama muda, haiji kama noti, na swali ni huo muda unaufanyia nini. Waliofanikiwa waliupeleka kwenye skripti na mazoezi. Sidney Lumet kabla ya kupiga 12 Angry Men, ile ya mwaka 1957 ya wazee wa baraza kumi na wawili kwenye chumba kimoja cha mahakama New York, aliwafanyisha waigizaji mazoezi wiki mbili nzima, halafu kupiga kwenyewe kukachukua siku kama 20. Ile sio thrila kamili, ni drama, ila mtu yeyote anayetaka kupiga filamu chumbani anapaswa kuijua na nitairudia chini.

Hao wa Saw wana somo lao. James Wan na Leigh Whannell walikutana chuoni Melbourne, Australia, hawana hela, wakaamua watafute wazo ambalo wangeweza kulilipia wenyewe mfukoni, watu wawili ndani ya chumba kimoja. Wakapata bafu bovu, watu wawili wamefungwa minyororo pande mbili, katikati kuna maiti. Unaona jinsi ufukara ulivyogeuka hadithi, hawakuwa na hadithi kubwa wakaibana iingie chumbani, walianza na chumba wakauliza ni hadithi gani haiwezi kutokea popote isipokuwa hapa. Wakapiga kipande kimoja kama filamu fupi wakaenda nacho kwa wenye hela Marekani, na filamu yenyewe ikapigwa kwa siku 18 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 100. Ila wanaoitolea mfano huwa wanasahau kwamba iliyotoka mwisho inatoka nje ya bafu mara nyingi sana, kuna polisi, kuna familia, kuna kumbukumbu za nyuma. Kukaa chumbani mwanzo mwisho ni kugumu kuliko walivyofanya wao.

Kwa nini ni kugumu? Kwa sababu ya swali moja ambalo mtazamaji analiuliza kila dakika hata kama hajui kwamba analiuliza: kwa nini hatoki?

Nikupe mfano wa kutunga tuutumie. Kibanda cha wakala wa pesa za simu. Dada wakala kafunga grili saa tatu usiku, yupo ndani anapiga hesabu za siku, ana simu mbili, daftari, droo ya hela na kiti cha plastiki. Meseji inaingia, milioni nne zimeingia kwenye floti, yaani salio la kazi la wakala, kutoka namba asiyoijua. Dakika moja baadaye simu inaita, sauti ya mwanaume mpole kabisa, dada samahani nimekosea namba, usiiguse hiyo hela, naja kuichukua, ndio kwanza nawasha pikipiki. Mpaka hapo ni hadithi tu ambayo wakala yeyote anaweza kukusimulia. Inageuka thrila pale kamera inaposhuka chini ya mlango, kwenye ule upenyo, tukaona miguu miwili imeshasimama nje. Dada hajaona, sisi tumeona. Kuanzia hapo anaweza kuendelea kuhesabu noti kimya dakika tatu nzima na hakuna mtu atakayeshika simu yake kuchati.

Sasa funga milango mmoja mmoja, na uifunge mbele ya mtazamaji. Kwa nini hatoki? Miguu ipo nje, lakini yeye bado hajui, kwa hiyo lazima kuwe na sababu yake mwenyewe ya kubaki, mfano floti sio yake ni ya bosi na hesabu haijafunga, akiondoka ikipungua analipa yeye. Kwa nini hampigii mtu? Anampigia bosi, hapokei. Anampigia mlinzi wa mtaa, anapokea anasema nakuja, na sisi tunasikia simu ya mlinzi inaitia nje pale pale mlangoni. Unaona, kila njia ya kutoka inajaribiwa kweli na inagoma kwa sababu inayoingia akilini. Waandishi wengi wanaikimbia simu, wanasema tu haina chaji, haina netiweki, basi. Watu hawakubali tena, wameshaiona mara mia. Kwenye Saw simu ipo ila inapokea tu, haipigi, na hiyo inazua wasiwasi mpya badala ya kuua. Kwenye filamu ya Kidenmaki inayoitwa The Guilty, ya mwaka 2018, simu ndio hadithi yote.

Hiyo nayo inafaa kuielewa vizuri kwa sababu inajibu swali la pili, kwamba chumba kimoja kitabebaje dunia. Polisi mmoja kakaa ofisini anapokea simu za dharura, mwanamke anapiga, inaonekana katekwa yupo ndani ya gari. Hatuoni gari, hatuoni barabara, tunaona uso wa polisi na tunasikia. Ilipigwa kwa siku 13, na wale wanaosikika kwenye simu walikuwa waigizaji waliokaa chumba kingine wanapiga simu kweli wakati kamera inarekodi, kwa hiyo yule polisi alikuwa anamjibu mtu halisi. Wamarekani walipoirudia mwaka 2021 waliipiga kwa siku 11, dairekta akiwa nje kwenye gari analoangalizia picha kwa sababu ya korona. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba ukifunga chumba lazima ufungue masikio. Gari la wagonjwa, mlango wa gari, mtoto analia nyuma ya sauti ya mama yake, hivyo vyote huhitaji kuvikodi, unahitaji kuvirekodi vizuri tu.

Ndio maana nasema kwa ukali kabisa, kama una laki tano ya vifaa usiimalizie kwenye kamera. Picha yenye chengachenga mtazamaji atavumilia, tena anaweza kudhani umefanya makusudi, lakini sauti inayorudi mwangwi anaizima. Na nyumba zetu ni mbaya kwa sauti, ukuta wa tofali, sakafu ya marumaru, juu bati. Ingia kwenye chumba unachotaka kupigia, piga kofi moja katikati, sikiliza. Ukisikia mlio unabaki hewani, hicho chumba kinahitaji mazulia chini, mablanketi mazito ukutani upande ambao kamera haioni, magodoro yamesimamishwa pembeni. Zima feni. Zima friji, hata ikiwa chumba cha pili, maana muungurumo wake unaingia na ukija kukata shoti mbili ambazo moja friji inaunguruma na nyingine imenyamaza utasikia kila unapokata. Watu wa sauti wana mtindo mzuri, ukizima friji unaweka funguo za gari ndani yake, hapo huwezi kuondoka bila kukumbuka kuiwasha. Halafu kabla ya kufunga siku, kila mtu anyamaze dakika moja mrekodi chumba kikiwa kimya, na hicho kimya ndicho mhariri atakachotumia kuziba mapengo kati ya maneno, bila hicho filamu yako itakuwa inakatikakatika.

Bati likipigwa na mvua simamisheni kazi, hakuna ujanja hapo. Adhana, jogoo, bodaboda, muziki wa jirani, vyote vina saa zake, kaa pale siku moja nzima kabla ya kupiga uandike kila kelele inaingia saa ngapi, halafu panga ratiba kuizunguka.

Tuje kwenye picha. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10 kinaonekana kizuri kwenye skripti mpaka uingie na kamera, stendi ya taa, mtu wa maiki na waigizaji wawili, hakuna pa kusimama. Kwenye studio ukuta unatolewa, unarudi nyuma unavyotaka. Wewe huna hiyo, kwa hiyo tafuta sebule kubwa uivae iwe chumba kidogo, kabati huku, pazia kule, ukuta wa tatu ni wa kweli, na wa nne ndio nafasi yako ya kazi. Ukishindwa, toa mlango kwenye bawaba upige kutoka koridoni, au simama nje upige kupitia dirisha, na kwa thrila hiyo ya dirishani inasaidia zaidi maana mtazamaji anajiuliza anayeangalia ni nani.

Hofu nyingine ya watu ni kwamba chumba kitachosha macho. Kitachosha kama utakimaliza dakika kumi za kwanza. Lumet kwenye ile filamu yake alipanga mapema kabisa, theluthi ya kwanza kamera ipo juu ya usawa wa macho, ya pili ipo usawa wa macho, ya mwisho ipo chini ya macho mpaka dari inaanza kuonekana, na wakati huo huo anabadilisha lenzi anaenda kwenye ndefu zaidi na zaidi, hivyo kuta zinakuja karibu na watu. Chumba hakijabadilika hata inchi moja, ila mtazamaji anaanza kukosa hewa na hajui kwa nini. Hiyo haikugharimu kitu zaidi ya kukaa na kufikiri. Wakanada waliotengeneza Cube mwaka 1997 nao walijenga chumba kimoja kamili na kipande cha kingine, wakawa wanabadilisha rangi ya paneli za ukutani, kwenye filamu inaonekana watu wanapita vyumba visivyoisha. Kwa dada wakala wetu unaweza kuanza na taa nyeupe ya juu, umeme ukakatika katikati, ukabaki na mwanga wa simu mbili, na mwishoni taa ya pikipiki inaingia kupitia grili. Chumba kile kile, filamu tatu tofauti.

Dirisha lizibe. Hili watu hawalisikii mpaka liwakute, hadithi ni ya usiku mmoja lakini mnapiga siku saba, jua linaingia asubuhi upande huu jioni upande ule, ukiunganisha shoti mbili kivuli kimeruka ukuta. Kitambaa kizito cheusi nje ya dirisha, taa zako ndani, mnapiga tukio la usiku saa sita mchana bila wasiwasi. Ila feni imezimwa na dirisha limezibwa, kutakuwa na joto, waigizaji watatoka jasho, na jasho lazima lilingane, haiwezekani shoti moja shati limelowa na inayofuata ni kavu.

Kulingana huko ndio kazi inayotesa kuliko zote kwenye chumba kimoja. Lumet alipiga kufuata mwanga, hakufuata hadithi, yaani taa zikielekezwa ukuta mmoja anapiga maneno yote ya upande ule kwanza, kiasi kwamba watu wawili wanaobishana uso kwa uso, mmoja alipigwa siku saba au nane baada ya mwenzake. Inaokoa muda mwingi sana kwa sababu hupangi taa upya kila dakika, lakini inadai muigizaji anayekumbuka hasira yake ilikuwa imefika wapi wiki iliyopita na inadai mtu mmoja kwenye timu ambaye kazi yake ni kupiga picha za simu kila mkimaliza shoti, glasi ina maji kiasi gani, droo ipo wazi au imefungwa, noti zipo mafungu mangapi mezani. Usimpe hiyo kazi dairekta. Kwenye chumba kimoja mtazamaji anaangalia vitu vile vile saa moja na nusu, kitu kikihama atakiona.

Na wale wanaosema basi piga shoti moja ndefu bila kukata, itakuwa rahisi, hapana. Hitchcock alipopiga Rope mwaka 1948 kwa shoti za mpaka dakika kama kumi alikuwa studio, kuta zinasukumwa kwa magurudumu kupisha kamera. Kwa sisi shoti ya dakika tisa ikiharibika dakika ya nane unaanza upya, na ukifika kwenye kuediti huna pa kukata kuficha neno lililosahaulika.

Jambo la mwisho ambalo wengi wanalichukulia poa ni kwamba kwa kuwa upo nyumbani kwako basi sheria haikuhusu. Tanzania kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, kibali na kupangiwa daraja, yaani umri wa wanaoruhusiwa kuiangalia, ni Bodi ya Filamu, na Kenya madaraja yapo kwa KFCB, bodi yao ya kupanga filamu madaraja, kwa hiyo pitia huko mapema kabla hujatangaza tarehe ya kuonyesha. Na mbali na bodi kuna majirani. Thrila ina mtu anapiga kelele nisaidieni saa tano usiku, mlango unapigwa mateke, na kwenye mitaa yetu watu wakisikia hivyo wanakuja na fimbo, na wana haki. Nenda kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa, waambie siku na saa za kelele, pita nyumba za jirani mwenyewe, bandika karatasi getini, na uwaachie namba ya simu ya mtu wa timu ambaye haigizi wala harekodi, ili wakipiga apokee.